Ikuwe na Iko

Baba yangu mdogo anaamini mambo mawili bila kuyumba: kwamba Mungu yupo, na kwamba kompyuta haielewi Kiswahili. La kwanza tunakubaliana. La pili limenitoa jasho, limenikosesha usingizi, na limenifanya nimjibu mzee wa watu kwa sauti ambayo mama angekuwa hai angenikata jicho.

"Programmation iko mu français, mwanangu," alikuwa akiniambia, mikono nyuma, kana kwamba bado yuko mbele ya darasa. Alifundisha Kifaransa maisha yake yote. Nikimwambia kwamba maneno ya lugha ya kuandikia programu yana asili ya Kiingereza, wala si ya Kifaransa, anajitia hasikii. Na ubishi wake haukuwa wa bure, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa chama kilichotuazima chumba cha kufundishia hapa mtaani Bel-Air, pamoja na kompyuta zake zote. Kila aliponiona na karatasi zangu alicheka puani. "Uko naandika tu ile bintu yako?"

Bintu! Mwongozo mzima wa kumfundisha mtu lugha ya kuandikia michezo ya kompyuta, tangu kuwasha mashine mpaka mchezo uchezeke, yeye anauita bintu, yaani vitu tu.

Niseme kwanza nilimwandikia nani. Sikuwaandikia wasomi. Nilimwandikia yaya wangu, dada yangu mkubwa, anayefuata unga mpakani Mokambo na kuuza hapa mjini. Alipokuwa msichana alisimamishwa darasani asome Kifaransa kwa sauti, ulimi ukagoma, wenzake wakacheka, mwalimu naye akacheka. Hakurudi tena shule. Tangu siku hiyo, chochote chenye maandishi ukikiweka mbele yake anakusukumia: "Soma weye. Miye kichwa yangu iko nguvu."

Kichwa kigumu, yeye? Wee! Yaya akishika simu yenye mchezo, hakuna wa kumgusa nyumba nzima. Watoto wanamwita aje kuwavusha pale waliposhindwa. Na hachezi tu, anasema na aliyeutengeneza. "Huyu muntu hajue foleni ni nini. Tazama, bantu banapita bila kusukumana. Bongo tupu, anatudanganya!" Siku moja, unga ukiwa bado kwenye nyusi zake, akaniambia kwamba angeweza angetengeneza mchezo wa mpaka: mama mwenye beseni kichwani, foleni, afande, lango. Kisha akacheka mwenyewe. "Lakini bile bintu biko bya benye kusoma."

Neno hilo lilinichoma. Nikamburuta darasani. Wakati huo nilikuwa nalazimishwa kufundishia maelezo ya Kifaransa ambayo baba mdogo aliyanyoosha kwa kalamu yake nyekundu. Yaya akakaa nyuma kabisa, pochi magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali. Kabla saa haijaisha alikuwa ameshatoka. Nilimkuta barabarani, macho mekundu, ananiambia ni vumbi. Vumbi gani, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi?

Siku hiyohiyo nikaanza kuandika.

Kwanza ilikuwa vita ya Kiswahili gani. Darasani kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema, mwenye Kiswahili chake kilichonyooka kama suruali anazozipiga pasi. Yeye alitaka niandike Kiswahili safi. Kitu kinachobeba thamani inayobadilika ndani ya programu, akasema, huko kwa wenzetu wa mashariki wengine wanakiita kigeugeu. Nikampelekea yaya neno hilo akiwa jikoni, nione litamkaaje.

"Kigeugeu?" akasema, mwiko juu. "Huyo si ule bwana wangu wa zamani?"

Alicheka mpaka akaketi chini. Nami nikalifuta neno nikaandika beseni. Beseni lina jina, unatia kitu ndani, unakitoa, unatia kingine. Yaya akaelewa kabla sijamaliza sentensi, na fundi cherehani, baada ya kununa kidogo, akakubali kwamba hata mkewe angeelewa. Hapo nikajua nimeshika njia. Nitaandika vilevile tunavyosema hapa, na iko zetu, na muntu wetu, na bintu byetu, na asiyetaka aende zake.

Niliandika asubuhi, umeme ukiwepo, na ukikatika niliandika kwa kalamu huku nikiulaani. Kila sura ilipokamilika nilimsomea yaya akipeta mchele au akisuka nywele. Akikunja uso, nafuta. Akisema "eh", nasonga mbele. Sura ya beseni, eh. Sura ya kumfanya mama wa mchezo atembee kulia na kushoto, eh, tena na kigelegele, kwa sababu siku hiyo alimtembeza kwa kidole chake mwenyewe kwenye kompyuta yangu na hakutaka kuondoka kula. Mama yule alikuwa vipande vya mraba tu, na beseni lake mraba mwingine juu, lakini yaya alimwona mtu kabisa. "Anachoka," aliniambia. "Tembeza pole."

Nikavimba kichwa. Nikaenda kwa baba mdogo, nikampigia karatasi mezani.

"Soma mwenyewe."

Akavaa miwani. Alisoma taratibu, midomo ikicheza. Alipofika kwenye "mama iko natembea" akafunga macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Mwanangu, hii si lugha. Hii ni soko."

"Ni ile unaombea nayo chakula nyumbani, baba."

Ebo! Nilijua nimezidisha. Akazikunja karatasi zangu, akatoa hukumu yake. Jumamosi wanachama wangekuja kuona chumba chao kinatumikaje. "Ulete mwanafunzi moja tu. Moja! Aoneshe muchezo alifanya na hii kitabu yako, na ajibu maulizo yetu, na weye ufunge kinywa. Akiweza, salle, hii chumba, iko yenu, na kitabu chama tutakichapa. Akishindwa, tunarudia français, na nitatafuta mwalimu ingine."

"Nitamleta yaya," nikasema.

Hapo alicheka kwa sauti. Alimjua yaya tangu tumboni. Nikatoka pale nimekubali, damu ikichemka, na nilipofika njia panda ndipo nilipogundua kwamba sijamuuliza mwenye kupelekwa.

Yaya alikataa. Nikamsihi. Akakataa tena. Kisha akasema, bila kunitazama, "Na kama nashindwa, watacheka?" Nikamwambia atakayecheka atanijua mimi ni nani. Akavuta pumzi. "Basi. Lakini nikicheka miye mwenyewe, usinikasirikie."

Alhamisi tukafanya jaribio la mwisho darasani. Nilimwachia kompyuta yangu na sura ya maswali, ile ya kuiambia kompyuta: kama jambo fulani ni kweli, fanya hivi. Ndiyo sura ya lango. Mama akifika mpakani na karatasi zake, afande afungue. Asipokuwa nazo, arudi nyuma apoteze uhai mmoja. Uhai ukiisha, mchezo umekwisha. Nikaketi nje barazani pamoja na fundi cherehani, aliyekuwa akiandika mchezo wake wa sindano na vifungo kwa sura hiyohiyo. Sikumsaidia hata mmoja wao.

Yaya akaniita. Sauti yake haikuwa nzuri.

Nikatazama kwenye kioo cha kompyuta. Mama anafika langoni hana hata karatasi moja, afande anamfungulia. Namrudisha, anakuja tena mikono mitupu, lango wazi. Namgonganisha na ukuta ili apoteze uhai: kwenye kona pameandikwa maisha sifuri, na mama huyooo anakwenda zake, beseni kichwani, wala habari hana. Hafi! Amekwisha uhai na bado anakwenda sokoni. Nikageuka kwa fundi cherehani. Kwake vilevile: vifungo vimekwisha, shati bado linafungwa.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, maana afande mwenye roho nzuri namna ile sijamwona popote. Lakini yaya hakuelewa kwamba naucheka mchezo. Alisimama, akakaza kitenge chake kiunoni, akachukua pochi.

"Nilikuambia. Kichwa yangu iko nguvu. Jumamosi naenda Mokambo."

Nikamfuata njia nzima nikiongea mgongo wake. Nyumbani kwake nikatoa mwongozo nimthibitishie kwamba hana kosa, au kama lipo basi ni dogo. Katika ile lugha, ukitaka kutia kitu kwenye beseni unapiga alama ya sawasawa mara moja. Ukitaka kuuliza kama kitu kimo, unaipiga mara mbili. Nilikuwa nimeziandika mbili! Nikafungua kompyuta yangu niliyoibeba kwapani, nikatazama alichokiandika yeye, iko moja tu.

"Ya pili uliipeleka wapi?"

"Niliitosha, niliifuta," akasema. "Niliona kidole yako iliteleza. Niliona watakucheka, nikakusafishia."

Mungu wangu! Alikuwa ananifichia aibu! Na fundi cherehani, bila shaka naye alifanya hivyohivyo, kwa adabu zake, bila kuniambia. Kwa hasira nikaanza kumsomea yaya mwongozo kwa sauti, nimwoneshe kwamba umeeleza wazi. Sura ya beseni: "Karatasi iko moja." Sura ya lango: "Kama karatasi iko moja." Nikasita. Nikasoma tena. Maneno yaleyale. Kwa mdomo ningeipandisha sauti ya pili na kila mtu wa mji huu angejua nauliza. Ukisimama kwenye meza ya soko ukasema "bunga iko", unaleta habari kwamba unga upo, ukasema "bunga iko?", unataka kununua. Tofauti yote iko kooni. Na karatasi haina koo.

Kwa hiyo yaya alikuwa ameandika sawasawa na nilivyomwandikia. Afande wake hakuuliza karatasi, alizigawa. Mama akifika hana kitu, afande anamtia karatasi mkononi kisha anamfungulia. Na pale kwenye uhai, badala ya kuuliza kama umefika sifuri, anautia sifuri. Lugha ile nayo ikitiwa sifuri mahali pa swali inaihesabu kuwa ni hapana, basi hakuna anayekufa.

Nilianza kumweleza yote hayo kwa pupa, nikiruka, maneno yakigongana, nikimwambia ninyi nyote mmefanya kosa zuri kuliko yote duniani. Yaya alikuwa ameshachoka na mimi. Akapiga kiganja mezani.

"Basi, ikuwe hivyo! Ikuwe mwisho! Niache!"

"Sema tena."

"Niache."

"Hapana, yaya, kabla ya hapo. Umesema nini?"

"Ikuwe mwisho." Alinitazama kama mtu anayewaza kumwita daktari.

Ikuwe! Iwe, angesema fundi cherehani. Neno la kila siku, la kila mama wa mji huu. Chai ikuwe moto. Nyumba ikuwe safi nikirudi. Ukisema ikuwe huulizi, unaamuru, na kitu kinakuwa. Nilimshika yaya mabega nikamtikisa. Alama moja, ikuwe: naamuru. Alama mbili, iko: nauliza, na alama ya kuuliza ikae palepale. Karatasi ikuwe moja. Karatasi iko moja? Hakuna anayeweza kuzichanganya hizo hata akiwa anasinzia.

Yaya akavuta kiti.

"Donc basi, huyu afande wangu," akasema polepole, "nilimuambia agawe."

"Ulimuambia agawe."

"Na miye nilitaka aulize."

"Ndiyo, njo hivyo."

Alianza kucheka kidogokidogo, tumboni kwanza, kisha mabega, kisha machozi. Alimcheka yule afande, akamcheka yule mama asiyekufa, akasema angempata afande wa namna hiyo angeolewa naye. Ijumaa nzima niliandika upya sura zile, ikuwe hapa, iko pale, na yaya akikaa ubavuni kwangu akirekebisha lango lake. Hakutaja Mokambo tena, nami sikumkumbusha.

Jumamosi chumba kilijaa. Wanachama mbele, majirani nyuma, wengine madirishani. Baba mdogo alivaa koti lake la kanisani. Yaya aliketi kwenye kompyuta, mwongozo pembeni, na mimi nikapewa kiti ukutani, mikono kifuani, kinywa nimekifunga. Hakuna adhabu niliyowahi kupewa iliyo kali kama ile.

Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyetaka kucheza. Akamtembeza mama mpaka langoni kwa haraka, bila karatasi. Lango likagoma. Maisha yakapungua. Akajaribu tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kubonyeza kwa hasira kunasaidia. Likagoma. "Lakini mimi nimefika!" akaiambia kompyuta. Nyuma mtu akapiga kelele, "Mzee, karatasi!" Chumba kikavunjika mbavu. Hakusikia la mtu, akaenda tena, uhai ukafika sifuri, mama akalala chini na beseni likabingirika. Makofi hayo! Baba mdogo akavua miwani akaifuta.

Nilidhani tumeshinda. Aa, wapi. Mzee akamgeukia yaya.

"Labda mudogo yako alikuandikia. Tubadilishe, hapahapa. Nataka afande afungue tu kama magunia iko mbili. Si moja, si tatu. Mbili."

Hilo halikuwa kwenye mwongozo. Yaya alinitafuta kwa macho, nami nikatazama dari, nikijua kwamba nikikohoa tu tumekwisha. Alivuta mwongozo, akafungua sura ya beseni, akasoma kwa kidole, midomo ikitembea. Mtu wa mbele akaanza kutabasamu. Niliuona mgongo wa yaya unakakamaa, ule mgongo wa darasani, na nikasema moyoni, asimame, aende zake, nitamfuata, potelea mbali chumba na kitabu chake.

Hakusimama. Akaandika. Beseni jipya, jina magunia. Mama akiokota gunia, liongezeke. Kisha akafika langoni, akapiga alama moja, na kidole kikabaki hewani.

"Nauliza ao naamuru?" akasema kwa sauti, peke yake, kama yuko jikoni kwake.

Akarudisha kidole kwenye mwongozo, akaupata mstari.

"Nauliza," akajijibu, na akapiga ya pili.

Akasogeza kiti. "Cheza, baba."

Baba mdogo akaokota gunia moja, akaenda. Lango likagoma. Akaokota la pili, la tatu, akaenda nayo yote, uso umemkaza. Likagoma. Akaanza upya, moja, mbili, akaenda polepole kabisa. Afande akasogea, lango likafunguka, na mama na beseni lake akavuka mpaka upande wa pili.

Sikumbuki kelele zile zilianzia wapi. Fundi cherehani, mtu wa adabu zake, alikuwa amesimama juu ya benchi. Mimi nilipiga kigelegele mpaka nikasahau kwamba nimekatazwa kufungua kinywa, na hakuna aliyenikataza tena. Baba mdogo alibaki akitazama kioo. Kisha akaurudisha mchezo mwanzo, akacheza tena, na alipovuka akageuka kwa wanachama wenzake. "Tutakichapa," akasema. "Na salle, hakuna wa kuwatosha humu, mubakie." Akanitazama mimi. "Lakini mu kitabu utaandika pia ile yangu ya magunia."

"Nitaandika, baba."

Watu wakamzingira yaya. Kulikuwa na mama mmoja wa rika lake, kitenge kimechafuka unga kama chake, aliyesukumana mpaka mbele. Akagusa ukingo wa kompyuta kwa ncha ya kidole.

"Hii, nani alifanya?"

Nikafungua kinywa kueleza habari za mwongozo, kwamba niliuandika mimi, kwamba yaya ni mwanafunzi wangu. Yaya akaninyooshea kiganja, nikayameza maneno.

"Ni miye," akasema.

"Weye ulisoma wapi?"

"Sikusoma. Nasoma sasa." Akajisogeza kwenye benchi, akapapasa nafasi pembeni yake. "Kuya, ikala. Tuanze."

Nikatoka nje nikasimama ukutani, nikalia kwa furaha kama mtoto, na kila aliyepita akinitazama nilimwacha atazame.